Daftari ya Wafu: Uchunguzi wa Dhuluma katika Maandishi ya Kusini mwa Marekani

Wako wasomi wasemao kwamba kitabu cha uchunguzi si fasihi. Kwao fasihi ni utenzi, hadithi na tamthilia. Na kitabu kihesabucho maiti, kitajacho tarehe na kunakili maneno ya mashahidi, husema ni kazi ya karani, ambayo mahali pake ni katika sanduku la serikali, si katika kabati la mshairi. Nakusudia kuipinga kauli hiyo. Siipingi kwa kudai kwamba kila hesabu ni sanaa, maana ziko hesabu nyingi zisizo na roho. Naipinga kwa kuonyesha kwamba kuwahesabu waliouawa kwa dhuluma ni kazi yenye masharti yake, uzuri wake na makosa yake, na kwamba yaweza kuhakikiwa kama uhakikiwavyo ubeti wa shairi.

Mfano nitakaoutumia ni wa Kusini mwa Marekani, yaani majimbo yale yaliyokuwa na utumwa mpaka vita vya 1861 hadi 1865. Katika nchi hizo dhuluma tatu zilisukwa pamoja kama ukili: dhuluma ya rangi, iliyompa mtu cheo au kumnyima kwa ngozi yake, dhuluma ya kazi, iliyomwacha mkulima na kibarua na deni kila mwisho wa mavuno, na dhuluma ya ardhi, maji na hewa, iliyoyapeleka mafuriko, vumbi na taka mahali walipokaa wasio na sauti. Wengi wamezichambua moja moja. Waandishi watatu nitakaowaeleza, Ida B. Wells, Muriel Rukeyser na Zora Neale Hurston, walizikuta zimesukwa, nao waliziandika kama walivyozikuta. Swali langu kwao ni moja: maiti ambaye daftari ya wenye nguvu haikumwandika jina, kila mmoja wao alimtendea nini?

Tuanze na Wells, maana ndiye aliyeifungua njia hii. Alizaliwa utumwani Holly Springs, Mississippi, mwaka 1862. Akawa mwalimu, kisha akawa mmoja wa wenye gazeti la watu weusi mjini Memphis. Mwezi wa Machi 1892 watu watatu wa mji ule, Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, waliokuwa na duka lililoshindana na duka la mzungu, walitolewa gerezani na kundi la watu weupe wakapigwa risasi wakafa. Moss alikuwa rafiki yake. Kabla ya siku ile Wells alikuwa amesadiki, kama walivyosadiki watu wengi, kwamba wauawao na makundi ni watu walionajisi wanawake. Moss hakumnajisi mtu; kosa lake lilikuwa kufanikiwa. Basi Wells akaanza kuuliza habari za wengine. Miezi miwili baadaye, naye akiwa safarini, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa, akaonywa kwamba akirudi atauawa. Mwaka ule ule alitoa kijitabu Southern Horrors, na mwaka 1895 akatoa A Red Record.

Njia aliyoichagua ndiyo impasayo mwanafunzi wa fasihi kuiangalia. Angaliweza kuandika yale tu aliyoyasikia kwa watu weusi, na yangalikuwa kweli. Lakini msomaji mweupe angaliyakataa kabla hajafika ukurasa wa pili. Kwa hiyo alichukua hesabu za Chicago Tribune, gazeti la watu weupe, lililochapisha kila mwaka orodha ya waliouawa na makundi. Kwa hesabu hizo alionyesha katika Southern Horrors kwamba katika miaka minane watu weusi 728 waliuawa, na kwamba ni thuluthi moja tu kati yao waliotuhumiwa kunajisi, licha ya kuthibitishiwa. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wells hakumshtaki mdhalimu kwa maneno ya mdhulumiwa. Alimsomea mdhalimu daftari yake mwenyewe.

Tazama na umbo la A Red Record. Ameipanga orodha yake kwa makosa yaliyodaiwa, na chini ya kila kosa akaweka tarehe, jina na mji. Msomaji huanza kwa kusoma kila jina. Baada ya kurasa chache macho huchoka, akaanza kuruka. Kisha hushtuka anapokuta waliouawa kwa kuwajibu wazungu kwa ufidhuli, au wale walioandikwa waziwazi kwamba hawakuwa na kosa lolote, na hapo hulazimika kurudi nyuma na kuwasoma wale aliowaruka. Hii si kazi ya karani. Karani hupanga ili aitazamaye orodha aone upesi. Wells alipanga ili aisomaye asiweze kuimaliza upesi. Tena katika orodha ile mna mistari isiyo na jina, ambamo maiti ameandikwa kuwa ni mtu mweusi asiyejulikana. Wells hakuifuta mistari hiyo kwa sababu ya upungufu wake. Aliiacha katika safu, na asiyejulikana akapata nafasi sawa na anayejulikana.

Hata hivyo yeye mwenyewe alijua mpaka wa njia hii. Daftari ya mdhalimu haiwezi kusema ila lile mdhalimu aliloliona kuwa lafaa kuandikwa. Ndiyo sababu, mambo ya Elaine, jimbo la Arkansas, yalipotokea, hakuridhika na magazeti. Usiku wa 30 Septemba 1919 wakulima weusi, waliolima pamba kwa kugawana mazao na wenye mashamba, walikutana katika kanisa la Hoop Spur kutafuta njia ya kulipwa thamani ya haki ya pamba yao. Risasi zilipigwa, mzungu mmoja akafa. Kisha makundi ya wazungu wenye silaha pamoja na askari wakaingia wilaya ile na kuua watu weusi, ambao idadi yao inabishaniwa hata leo. Waliohukumiwa kufa walikuwa watu weusi kumi na wawili. Hakuna mzungu aliyeshtakiwa. Wells alisafiri mpaka Little Rock, akaingia gerezani pamoja na wake na mama wa wafungwa kana kwamba ni jamaa yao, akawasikiliza. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1920 hakueleza mauaji tu, bali alihesabu pamba, mahindi na mifugo ya wafungwa wale, mtu kwa mtu, aonyeshe ni nani aliyefaidika walipoondolewa mashambani. Sidai kwamba kijitabu hicho ndicho kilichowaokoa. Walikuwako mawakili hodari, na mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kesi iliyotawaliwa na kundi la watu wenye ghadhabu si kesi. Nasema tu kwamba hapa Wells aliandika daftari ya pili kando ya ile ya kwanza: ya kwanza yataja waliokufa, ya pili yataja mali iliyosababisha vifo.

Kwa Muriel Rukeyser tunapata mshairi aliyeichukua njia ile ile na kuitia katika shairi. Mwaka 1930 kampuni iliyokuwa chini ya Union Carbide ilianza kutoboa handaki la kiasi cha maili tatu chini ya mlima Gauley, jimbo la West Virginia, mahali paitwapo Hawks Nest, ili maji ya mto yapite humo yakaendeshe mitambo ya umeme. Watu kama 3,000 walifanya kazi ndani ya handaki. Kiasi cha robo tatu yao walikuwa weusi, wengi wametoka majimbo ya Kusini kutafuta kazi wakati wa dhiki kubwa. Mwamba ule, ukipasuliwa, hutoa vumbi lenye chembe kali kama kioo. Kuutoboa kwa maji hupunguza vumbi lakini huchelewesha kazi; basi ulitobolewa mkavu, na vibarua hawakupewa kinga ya pua wala mdomo. Walipoanza kukohoa na kukonda, waliambiwa ni kichomi. Ugonjwa wenyewe ulikuwa silikosi, ambao huyageuza mapafu kuwa makovu na hauna dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo nacho kilifichwa: waliosimamia kazi walikubali vifo 109, kamati ya Bunge mwaka 1936 ilipata 476, na daktari Martin Cherniack, aliyezichambua kumbukumbu zote na kutoa kitabu mwaka 1986, alikadiria kwamba hawakupungua 764. Handaki moja, hesabu tatu. Tofauti iliyopo kati ya hesabu ya kwanza na ya tatu ni watu 655, na wengi wao ni wale waliotoka mbali, wakarudi kwao kufa au wakazikwa bila jamaa kupata habari.

Rukeyser alikwenda huko mwaka 1936 pamoja na mpiga picha mmoja, naye ana umri wa miaka 22. Mashairi ishirini aliyoyatunga juu ya jambo hili aliyaita The Book of the Dead, jina la maandiko ya mazishi ya Misri ya kale, akayatoa mwaka 1938 katika kitabu U.S. 1. Ndani yake ameweka maneno ya mashahidi mbele ya kamati, maelezo ya madaktari, barua, hata bei ya hisa za kampuni katika soko. Ile bei ya hisa yastahili sifa. Hakuifafanua wala kuilaani. Ameiweka katikati ya shairi lisifulo nguvu za maji, nasi tunaisoma kama tusomavyo mstari wa shairi, tukaona kwamba mto, mapafu na fedha ni sentensi moja. Huu ni ustadi wa Wells uliohamishwa: karatasi ya mwenye mali yatoa ushahidi bila yeye kuulizwa.

Lakini sifa isituzuie kupima. Shairi lake lishikalo moyo kuliko yote ni lile la mama mzungu aliyepoteza wana watatu, ambaye mdogo wao aliomba apasuliwe akifa ili mama ajue kama vumbi ndilo lililomuua. Mama huyu amepewa nafasi ya kueleza habari yake kwa utaratibu, na katikati ya maneno yake mshairi ametia sauti ya yale maandiko ya Misri, hata mwanawe akawa kama mfalme anayefufuka. Ni kazi nzuri, wala sitaki aipunguze. Nauliza tu: wale robo tatu wako wapi? Shairi moja tu kati ya ishirini limetolewa lote kwa sauti ya kibarua mweusi, nalo ni lile la George Robinson, aliyetoa ushahidi mbele ya kamati. Tena ushahidi wake haukuachwa katika maneno ya kawaida kama ule wa wengine. Umegeuzwa kuwa wimbo wa bluzi.

Watetezi wa Rukeyser watasema kwamba bluzi ni sanaa ya watu weusi wenyewe, nayo ndiyo daftari yao ya huzuni. Ni kweli. Watasema pia kwamba ndani ya wimbo ule mna picha kuu kuliko zote katika kitabu, ya vumbi jeupe lililowafunika vibarua hata mweusi na mweupe wasitambulikane. Hilo nalo ni kweli. Lakini yafaa tuione hatari ya picha hiyo. Vumbi liliwafananisha watu ndani ya handaki tu. Nje ya handaki makao yao yalikuwa mbalimbali na makaburi yao yalikuwa mbalimbali, na mshairi mwenyewe ana shairi juu ya weusi waliozikwa shambani. Mzungu amepewa ushahidi na ufufuo, mweusi amepewa wimbo. Rukeyser aliichukua daftari ya kamati kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba kamati nayo ilikuwa imewasikia zaidi wale waliobaki karibu, wenye nyumba, jamaa na majirani. Uaminifu kwa daftari yenye matundu huyarithi matundu yake.

Hapa ndipo riwaya huingia. Zora Neale Hurston alitoa Their Eyes Were Watching God mwaka 1937. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Richard Wright, mwandishi mweusi mwenye sifa kubwa, aliikaripia katika gazeti kwamba haina ujumbe wala fikira, nayo yawafurahisha wazungu. Neno hilo liliichelewesha riwaya ile isipewe heshima yake kwa miaka mingi. Nadhani Wright aliutafuta ujumbe katika mazungumzo ya mapenzi ya Janie, akaipita haraka tufani iliyo karibu na mwisho.

Tufani ile haikubuniwa. Usiku wa 16 Septemba 1928 ilipiga pwani ya Florida, ikayasukuma maji ya Ziwa Okeechobee juu ya boma la udongo lililoyazuia. Nyuma ya boma palikuwa pamekaushwa ili palimwe maharagwe na miwa, na katika bonde lile walikaa maelfu ya vibarua weusi, wengine wametoka visiwa vya Bahamas. Serikali ilisema waliokufa ni 1,836. Mwaka 2003 idara ya hali ya hewa ya Marekani iliiongeza hesabu hiyo kuwa si chini ya 2,500. Huko West Palm Beach maiti 69 wa kizungu walizikwa katika makaburi ya mji, na maiti 674 wa watu weusi walitiwa katika shimo moja katika uwanja wa maskini.

Sasa mtazame Hurston. Hakutaja idadi hata moja. Ameonyesha vibarua wakiwatazama Waseminole, wenyeji wa asili wa nchi ile, wakihama kabla ya tufani, nao wakabaki kwa sababu ujira wa maharagwe ulikuwa mzuri na wakubwa katika majumba hawakuonekana kuhofu. Ameonyesha watu wakiyakimbia maji mpaka kwenye daraja lililoinuka, wakakuta mahali pale pa juu pamekwisha jaa wazungu. Na baada ya maji kupungua, Tea Cake, mume wa Janie, anakamatwa na wazungu wawili wenye bunduki akazike. Amri ni kwamba mweupe atiwe sandukuni, mweusi amwagiwe chokaa shimoni. Maiti wameharibika hata rangi haijulikani, na wazikaji wanaambiwa wazitazame nywele. Tea Cake anafanya mzaha kwamba watu hawa yaelekea hawaamini kama Mungu anazijua sheria za ubaguzi.

Huu ndio ujumbe ambao Wright hakuuona. Hurston alisomea elimu ya mila za watu chini ya Franz Boas. Alijua kukusanya habari. Lakini alifahamu kwamba katika jambo hili daftari haikupotea kwa bahati mbaya. Iliharibiwa wakati ule ule wa kuandikwa, kwa mikono ya wazikaji waliosimamiwa kwa bunduki. Kwa hiyo hakuichukua daftari ya wenye nguvu kama Wells na Rukeyser. Alituonyesha jinsi inavyotengenezwa. Ukiisha kuisoma sura ile, huwezi tena kuitazama idadi yoyote ya serikali bila kuuliza ni nani aliyezihesabu nywele. Hurston mwenyewe alikufa katika umaskini huko Fort Pierce mwaka 1960, akazikwa katika kaburi lisilo na alama, mpaka Alice Walker alipolitafuta mwaka 1973 na kuliwekea jiwe.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya kale. Basi na avuke miaka hamsini. Mwaka 1979 mtaalamu wa elimu ya jamii, Robert Bullard, aliombwa na mkewe, aliyekuwa wakili, achunguze majaa ya taka mjini Houston, Texas, kwa ajili ya kesi ya mtaa wa watu weusi uliopinga jaa jipya. Alikuta kwamba majaa yote matano ya mji, na matanuri sita kati ya manane ya kuchomea taka, yaliwekwa katika mitaa ya watu weusi, ambao walikuwa kiasi cha robo tu ya wakazi. Kesi ilishindwa, lakini uchunguzi ule ulizaa kitabu Dumping in Dixie mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1982, zaidi ya watu 500 walikamatwa katika wilaya ya Warren, North Carolina, walipojaribu kuyazuia malori yaliyoleta udongo wenye mafuta ya sumu kuzikwa karibu na kwao. Njia ya Bullard ni ya Wells mtupu: anuani za majaa zilitoka katika karatasi za mji wenyewe. Na hatari yake ni ile ile pia. Anuani ya jaa hueleza taka iko wapi. Haielezi mtu anayeishi kando yake anapumua nini, wala hujulikana nani amehama kimya kimya kwenda kufia pengine.

Basi naihukumu njia hii hivi. Mwenye kuchunguza dhuluma hana budi kuanza na maandishi ya mwenye nguvu, maana ndiyo ushahidi asioweza kuukana. Hapo Wells ndiye mwalimu, na asiyeyataka maandishi hayo kwa kudhani moyo wake unatosha ataandika malalamiko tu. Lakini akiishia hapo atawazika kwa mara ya pili wale wale waliokwisha zikwa bila jina, kama karibu Rukeyser alivyofanya pasipo kukusudia. Lazima atoke kwenda gerezani, shambani na makaburini, na mahali ambapo hakuna shahidi aliyebaki hana budi kuisaidia hesabu kwa hadithi, mradi hadithi yenyewe ionyeshe jinsi hesabu ilivyoharibiwa, isijifanye kuwa hesabu.

Mwanafunzi atakayeandika juu ya mgodi, mto au mtaa wa kwao atakuta vitabu vya serikali na vya kampuni mezani pake kabla ya vingine vyote. Avisome kwa bidii, avinakili bila kosa, kisha auhesabu kila mstari ambamo pameandikwa kwamba mtu hajulikani. Kazi yake mwenyewe yaanzia katika mistari hiyo.